Miaka ya Fleti Namba Tano

Clive Tidmarsh alikuwa dereva wa basi katika mji wa Worthing. Kwa miaka mingi aliwapeleka watu kila walikotaka kwenda. Sasa yeye mwenyewe hakwenda popote. Magoti yake yalikuwa yamechoka kabisa. Na fleti yao namba tano ilikuwa ghorofa ya juu, katika nyumba ya zamani isiyo na lifti.

Kila asubuhi mkewe, Gaynor, alivaa koti aende kupika katika jiko la shule. Clive alisogeza kiti chake dirishani.

"Nikuletee nini?" Gaynor aliuliza.

"Niletee magoti."

"Dukani yamekwisha. Utakula soseji."

Walicheka wote wawili. Lakini Gaynor alipoanza kushuka ngazi, kicheko kiliisha. Tangu Pasaka, Clive alikuwa ametoka mara chache tu, tena kwenda hospitali. Ili ashuke, ilimbidi akae chini na kuteremka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, kama mtoto wa mwaka mmoja. Jirani akipita, Clive alijifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Gaynor aliyaona yote hayo, na moyo ulimuuma.

Basi waliamua kuuza. Mtaa wa pili palikuwa na mzee mmoja, Bwana Lovegrove, aliyetaka kuuza fleti yake ya chini. Haikuwa na ngazi hata moja. Mzee huyo alimpenda Clive tangu enzi za basi.

"Nitawasubiri mpaka mwisho wa kiangazi mwakani," alisema. "Baada ya hapo, jamani, nitamuuzia mwingine. Mwanangu ananingoja Kanada."

Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2016. Wiki hiyohiyo akaja dalali wa nyumba, binti mmoja anayeitwa Kirsty. Alipima vyumba, akasifu jua la sebuleni. Kisha akauliza, "Mkataba wenu umebakiza miaka mingapi?"

Katika nchi yao, mtu anaweza kununua fleti, lakini ardhi na jengo vikabaki mali ya mwingine. Mnunuzi hupewa mkataba wa miaka mingi. Miaka ikiisha, fleti hurudi kwa mwenye ardhi.

Clive alilijua hilo. Alicheka. "Sisi ni miaka tisini na tisa. Tulinunua mwaka 1999. Piga hesabu mwenyewe."

"Hapana, mzee," Kirsty alisema. Alikuwa ametazama kumbukumbu za ardhi kabla ya kuja. "Miaka haianzi siku mliponunua ninyi. Inaanza siku mkataba ulipowekwa mara ya kwanza, kabla yenu. Ni Krismasi ya 1997. Mmebakiza miaka themanini na miezi michache. Krismasi hii itakuwa themanini kamili."

"Themanini! Binti, mimi nina sitini na saba. Unataka nikae hapa mpaka lini?"

"Si wewe, mzee. Ni huyo atakayenunua, na benki itakayomkopesha. Hawapendi mkataba unaopungua. Ongezeni miaka kwanza. Zungumzeni na mwenye ardhi."

Kirsty aliangalia saa, akaaga, akaondoka. Hakueleza zaidi, nao hawakuuliza zaidi. Watu wa Worthing huona kuuliza mara mbili ni utovu wa adabu.

Ardhi ya nyumba ile ilikuwa mali ya kampuni moja. Wakala wa kampuni aliitwa Bwana Ansell. Gaynor alimpigia simu wakati wa mapumziko, akiwa amesimama kando ya masufuria.

"Samahani sana kukusumbua, Bwana Ansell. Najua una kazi nyingi."

"Hunisumbui hata kidogo, Bi Tidmarsh!" Sauti yake ilikuwa laini kama siagi iliyoachwa mezani. "Sisi tunapenda kuyamaliza kirafiki. Hakuna haja ya mawakili na gharama zao. Tutawarudishia miaka tisini na tisa, kwa bei nafuu. Ila ile kodi ya ardhi mnayotulipa kila mwaka itapanda kidogo. Itaanzia pauni mia mbili na hamsini, na itakuwa mara mbili kila baada ya miaka kumi. Ndivyo siku hizi."

"Asante. Asante sana. Sasa, tunaanza lini?"

"Hakuna haraka. Sikukuu zinakaribia, watu wana likizo. Nipigie mwaka mpya ukianza."

Gaynor alimshukuru mara ya tatu, akakata simu. Jioni alimsimulia Clive, na Clive akafurahi.

"Mtu mwema huyo. Haraka haraka haina baraka."

Novemba ikapita. Gaynor alipiga simu mara moja nyingine, akaomba radhi kwanza. Bwana Ansell alimwambia tena, "Mwaka mpya, Bi Tidmarsh." Gaynor hakupiga tena. Hakutaka kuonekana msumbufu.

Ilipofika Desemba, Gaynor alioka vipai vya Krismasi, vile vidogo vya zabibu kavu, kama kila mwaka. Alipanga vipai sita kwenye sahani, akavuka kibaraza cha ngazi, akagonga mlango wa fleti namba sita.

Hapo aliishi Thelma Rudge, mama wa miaka themanini aliyewahi kuwa mwalimu wa kuogelea. Sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayepigia watoto kelele upande wa pili wa bwawa. Yeye na Gaynor walikuwa majirani kwa miaka kumi na saba. Katika miaka hiyo yote walikuwa wamezungumza habari za mvua, habari za upepo, na mara mojamoja habari za ukungu.

"Ah, vipai!" Thelma alisema. "Asante, jirani. U hali gani?"

Jibu la swali hilo mjini Worthing ni moja tu. Mtu husema, "Siwezi kulalamika." Hata kama paa limeng'oka na mume amekimbia, huyo mtu hawezi kulalamika. Gaynor alifungua mdomo aseme hivyohivyo. Lakini siku hiyo Clive alikuwa ameanguka kwenye ngazi, si vibaya, ila alikaa pale chini akakataa kuinuliwa.

"Vibaya," Gaynor alisema.

Thelma alishtuka. Alitazama kulia na kushoto, kana kwamba kuna mtu amesikia. Kisha akafungua mlango wote.

"Ingia ndani. Naweka maji ya chai."

Gaynor akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona sebule ya Thelma. Alieleza yote: magoti ya Clive, fleti ya Bwana Lovegrove, simu za Bwana Ansell. Thelma alisikiliza. Aliposikia habari ya kungoja mwaka mpya, aliweka kikombe chini.

"Amekwambia usubiri mpaka Krismasi ipite?"

"Ndiyo. Ni mtu mwema sana."

"Chambo nacho ni kitamu, Gaynor. Muulize samaki."

"Una maana gani?"

"Nijibu kwanza. Mwaka ule mlipohamia hapa, mlinunua nini?"

"Fleti."

"Hapana. Mlinunua miaka. Kila Krismasi mmoja unakwenda. Sasa sikiliza vizuri. Ukishamiliki fleti yako kwa miaka miwili, sheria inakupa haki ya kudai miaka mingine tisini, juu ya ile iliyobaki. Na kodi ya ardhi inafutwa."

"Inapunguzwa?"

"Inafutwa! Una maji masikioni?" Thelma alikuwa amerudi bwawani. "Unamlipa mwenye ardhi bei yake mara moja, basi. Wala si hisani yake. Hata asipotaka, ni haki yako, alimradi umpelekee ilani rasmi ya kisheria. Simu za kirafiki si ilani."

"Na Krismasi inahusu nini?"

"Hapo ndipo penyewe. Ilani ikimfikia wakati miaka bado imezidi themanini, bei ni ndogo. Ikiwa themanini kamili au chini yake, bei inapanda. Fleti ikipata miaka mipya, thamani yake huongezeka. Mwenye ardhi anaruhusiwa kudai nusu ya ongezeko hilo. Huyo Ansell wako analijua hilo. Anakupiga danadana mpaka siku ipite."

Gaynor alitikisa kichwa. "Lakini alisema bei yake ni nafuu."

"Nafuu leo. Na kodi inayokuwa mara mbili kila miaka kumi? Mia mbili na hamsini, mia tano, elfu moja, elfu mbili. Benki ikiona kodi ya namna hiyo inakimbia. Ungeongeza miaka yako halafu ukose wa kununua fleti. Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Na Clive angebaki juu."

"Angebaki juu."

Kisha Gaynor akauliza, "Wewe haya yote umeyajuaje?"

Thelma alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nimeongeza ya kwangu. Mwaka juzi. Niliuliza ofisi ya ushauri wa bure, wakanielekeza."

"Mwaka juzi! Thelma! Tunapishana kwenye ngazi kila siku! Tunazungumza mvua!"

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua?"

Thelma aliinamisha kichwa. "Kweli. Niliona aibu. Mtu anaanzaje kumweleza jirani habari za nyumba na pesa? Mama yangu angefufuka aje kunichapa." Akavuta pumzi. "Nilimwona yule dalali amekuja na kipimo chake. Nikajua mnauza. Nikasema, si shughuli yangu. Nisamehe, Gaynor."

Gaynor alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini alijua kwamba naye angefanya vilevile. Mficha uchi hazai, na katika nyumba ile wenye fleti wote sita walikuwa wamejifunika gubigubi.

"Nipe jina la wakili wako," alisema.

Nyumbani, Clive hakukubali.

"Mtu tumeshaelewana naye kwenye simu, leo tumpelekee mawakili? Tutaonekana wakorofi."

"Tuonekane."

"Haraka ya nini? Mwaka mpya si mbali."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Clive!"

"Tangu lini unamsikiliza yule mwanamke? Anapiga kelele kama honi ya kivuko."

Hapo Gaynor alivua miwani yake. "Nisikilize. Miaka miwili nakuona kwenye kiti hicho. Unawajua mbwa wote wa mtaa kwa majina, na hujamgusa hata mmoja. Naogopa. Naogopa siku moja nitarudi kutoka kazini nikukute hapohapo, umekufa ukiangalia watu wanavyotembea. Kama ukorofi ndio utakaokutoa, basi leo mimi ni mkorofi."

Clive aligeuka dirishani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mpigie huyo wakili."

Wakili aliitwa Bi Sunita Mistry. Kazi yake ilikuwa mikataba ya fleti tu. Hakuwapamba kwa maneno.

"Mtanilipa mimi," alisema. "Mtamlipa mthamini atakayekadiria bei. Na sheria inasema mlipe pia gharama halali za upande wa pili. Mjue hilo kabla hatujaanza. Lakini mkichelewa mtalipa zaidi. Ilani ikishamfikia mwenye ardhi, bei itahesabiwa kwa siku hiyo. Baadaye akichelewesha, hasara si yenu."

Akiba ya Clive ya kustaafu ilitosha. Mthamini alikuja upesi, akapima, akaandika bei inayofaa kutajwa. Ilani ilikabidhiwa ofisini kwa kampuni mkononi, huku mji mzima ukinunua bata mzinga wa Krismasi.

Kesho yake simu ililia.

"Bi Tidmarsh," Bwana Ansell alisema. "Nimesikitika. Nilidhani tunaelewana."

Neno 'samahani' lilimfika Gaynor kwenye ncha ya ulimi. Maisha yake yote neno hilo lilikuwa la kwanza kutoka. Alimtazama Clive. Akalimeza.

"Tunaelewana sana, Bwana Ansell. Kuanzia sasa zungumza na wakili wangu. Na Krismasi njema."

Alikata simu.

"Umemtakia Krismasi njema," Clive alisema.

"Sikuweza kujizuia."

Clive alicheka mpaka akashika mbavu.

Mchana huohuo Gaynor alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile. Aligonga milango yote iliyobaki, mmoja baada ya mwingine. Thelma alisimama nyuma yake, mkono kiunoni. Mikataba ya fleti zote ilianza siku moja, kwa hiyo tatizo lilikuwa la wote. Wawili walishtuka, wakampigia Bi Mistry palepale, wakawahi. Mmoja alisema ataona. Akaona Februari. Haki yake haikupotea, lakini alilipa zaidi, na mpaka leo hapendi kukumbushwa.

Fleti namba moja ilikuwa ya vijana wawili, Dominic na Fern. Walikuwa wamenunua mwaka uliopita tu.

"Kwa hiyo hatujatimiza miaka miwili," Fern alisema. "Hatuwezi?"

"Bado," Thelma alisema. "Mliponunua, mngemtaka aliyewauzia atoe ilani kwanza, halafu awakabidhi ninyi pamoja na nyumba. Hilo linaruhusiwa. Hakuna aliyewaambia?"

"Hakuna aliyetuambia chochote."

"Basi, mkitimiza, msingoje hata wiki. Na sasa mnajua mlango wangu ulipo."

Fern alilia kidogo, kisha akawakaribisha ndani. Jioni ile watu wa nyumba nzima walikuwa jikoni mwa namba moja, wakila vipai vya Gaynor na kuulizana mambo ambayo mama zao waliwakataza.

Kampuni ilijibu baada ya miezi miwili, siku ya mwisho kabisa iliyopewa katika ilani. Ilikubali kwamba akina Tidmarsh wana haki. Ila ilitaja bei kubwa mno. Clive aliposikia, uso ulimshuka.

"Usiogope," Bi Mistry alimwambia. "Huo ni mwanzo wa sokoni. Wao wametaja juu, sisi tulitaja chini. Mthamini wetu na wa kwao watakutana katikati. Wasipokubaliana, tutakwenda kwenye baraza la nyumba. Baraza litapanga bei ya haki."

Hawakufika barazani. Mnamo Mei wathamini walikubaliana, kwa bei ambayo akiba iliimudu. Juni mkataba mpya ukatiwa saini. Ile miaka iliyobaki ikaongezwa tisini. Kodi ya ardhi ikafutwa.

Kirsty alirudi na kipimo chake, na fleti ikanunuliwa na nesi mmoja mwenye magoti mazuri. Mwisho wa kiangazi ulipokaribia, Bwana Lovegrove aliwapa funguo zake, akapanda ndege kwenda Kanada. Siku ya kuhama Clive aliteremka ngazi zile kwa makalio mara ya mwisho. Thelma alitangulia mbele yake, akihesabu vidato kwa sauti kubwa. Mtaa mzima ulisikia, na safari hii Clive hakujifanya anatafuta kitu.

Wiki ya pili katika nyumba mpya, Gaynor alirudi kutoka kazini akakuta mlango haujafungwa kwa ufunguo.

"Clive?"

Kiti kilikuwa kitupu. Jikoni hakuna mtu, chooni hakuna mtu. Alimpigia simu, nayo ikalia juu ya meza. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akijua, kila dakika ya mchana, mume wake yuko wapi. Sasa hakujua. Alitoka nje na aproni yake ya shule, akasimama mlangoni, akatazama huku na huku. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha.

Mwishowe akamwona anakuja kwenye kona, polepole, na fimbo mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika chipsi ndani ya karatasi. Alikuwa amelowa chapachapa.

"Ulikuwa wapi wewe?" Gaynor alipiga kelele.

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje tu, Gaynor." Clive alisimama, akapumua. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa baridi. "Nilifungua mlango, nikatoka."

Gaynor alitaka kumgombeza kwa sababu ya simu, na mvua, na ufunguo. Badala yake alilia, palepale mlangoni, kwa sauti. Jirani wa upande wa pili alitoa kichwa dirishani, akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," Gaynor alijibu huku anajifuta machozi kwa aproni. "Njoo uingie, nikueleze."